Sayansi ya karatasi ielezwe kwa lugha ya wananchi

Kila muhula unapoanza mzazi hana budi kununua madaftari, na mwalimu hana budi kuyasahihisha. Hata hivyo, ni wachache mno, hata miongoni mwetu tunaojiita wasomi, wanaoweza kueleza kwa Kiswahili fasaha jinsi gogo la msonobari linavyogeuka kuwa ukurasa mweupe. Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Jibu lake linahusu hewa waliyoivuta wakazi wa Webuye kwa zaidi ya miaka 30, linahusu maji ya Mto Nzoia, na linahusu uamuzi ambao nchi hii italazimika kuufanya kila inapotaka kutengeneza karatasi kutokana na miti yake yenyewe.

Huenda msomaji akauliza mwanaisimu anatafuta nini kiwandani. Kiwanda nacho kina lugha yake, na mwananchi asiyeijua lugha hiyo hawezi kukihoji. Atalalamika kwamba kuna harufu mbaya, ataambiwa kwamba wataalamu wanashughulikia jambo hilo, na mazungumzo yatakomea hapo. Ndiyo maana naona kwamba suala la karatasi ni la walimu wa lugha sawasawa na lilivyo la walimu wa kemia.

Tuanze na mti wenyewe. Mtu aliyewahi kuona nyumba ya udongo ikijengwa anaweza kuuelewa mti bila ya kuingia maabara. Kuna fito, kuna kamba zinazozifunga fito hizo, na kuna udongo unaokandikwa hadi kila mwanya uzibike. Katika mbao, fito ni nyuzi za selulosi, kamba ni hemiselulosi, na udongo ni lignini. Jina la lignini limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya mbao au kuni, na kitu chenyewe ni kati ya asilimia 20 na 30 ya uzito wa mbao kavu. Ndicho kinachouwezesha mti kusimama wima miaka mia na kustahimili wadudu na upepo. Mfano wangu wa nyumba una kasoro moja, kwa maana udongo hulowa mvua ukamomonyoka, ilhali lignini haiyeyuki majini hata ikilowekwa mwaka mzima.

Mtengenezaji wa karatasi anazitaka fito tu. Anaweza kuisaga mbao pamoja na lignini yake yote, na hivyo ndivyo zinavyotengenezwa karatasi nyingi za magazeti. Msomaji hahitaji shahidi wa mbali. Aliache gazeti hili juani siku chache, nusu yake ikiwa imefunikwa kwa kitabu, kisha alinganishe pande mbili. Upande ulioachwa wazi utakuwa umegeuka manjano, na aghalabu kinachougeuza ni lignini iliyobaki ndani ya karatasi.

Anayetaka karatasi imara na nyeupe ya kudumu hana budi kuiondoa lignini hiyo. Njia inayotumiwa zaidi duniani ilivumbuliwa na Carl Dahl huko Ujerumani mwaka 1879, nayo huitwa kraft, neno la Kijerumani lenye maana ya nguvu. Vipande vya mbao hutiwa katika chungu kikubwa cha chuma pamoja na kostiki soda na chumvi ya salfa, vikapikwa kwa joto la takriban nyuzi 170 kwa saa kadhaa. Sehemu kubwa ya lignini huyeyuka na kutoka ikiwa maji meusi, na zinazobaki ni nyuzi zilizolainika, ambazo nitaziita rojo ya mbao. Maji yale meusi hayatupwi. Katika kiwanda kinachoendeshwa vizuri huchomwa ili kutoa nishati, na dawa zilizomo hurejeshwa chunguni. Kwa hivyo tusiseme kwamba njia hii ni ya kijinga. Ina akili nyingi, ila salfa hutoa gesi zenye uvundo ambao pua ya binadamu huunusa hata zikiwa chache mno hewani.

Watu wa Webuye waliujua uvundo huo. Kiwanda cha Pan African Paper Mills, ambacho wengi walikiita Panpaper, kiliasisiwa mwaka 1969 kwa ubia wa Serikali ya Kenya, wawekezaji kutoka India na shirika la fedha lililo chini ya Benki ya Dunia, kikaanza kutoa karatasi mwaka 1974 kando ya Mto Nzoia. Misonobari na mivinje ilipandwa Turbo na kwingineko kwa ajili yake. Kiliajiri maelfu, kikaujenga mji, na watoto wengi wa Magharibi walisomeshwa kwa mshahara wake. Wakati huohuo wakazi walilalamikia moshi, kikohozi, na mabati ya nyumba yaliyoshika kutu kabla ya wakati wake. Kilifungwa mwanzoni mwa mwaka 2009, kikafufuliwa kwa muda mfupi, kikalala tena, na mwaka 2016 kikauziwa wamiliki wapya waliokipa jina la Rai Paper. Mji wenye kiwanda na moshi ulikuwa umegeuka mji usio na moshi wala kazi. Mtu akiulizwa achague lipi kati ya hayo mawili, swali lenyewe limekwisha kumdhulumu, kwa sababu halikumwambia kwamba kuna njia nyingine za kuitengeneza karatasi.

Baada ya kupikwa, rojo ingali na lignini kidogo iliyong'ang'ania nyuzi, nayo ndiyo inayoipa rangi ya kaki kama ya mfuko wa saruji. Kwa miaka mingi viwanda vya dunia viliing'oa lignini hiyo kwa gesi ya klorini. Klorini ni rahisi na ina nguvu, lakini hushikamana na vipande vya lignini na kuunda sumu ambazo haziozi upesi. Mwaka 1985 wataalamu wa Marekani waligundua dioksini, mojawapo ya sumu kali zinazojulikana, katika mito iliyopokea maji ya viwanda vya karatasi. Wananchi wa huko na wa nchi za Skandinavia walipolisikia jambo hilo kwa lugha wanazozielewa, walikasirika, wakadai karatasi isiyotiwa klorini, na viwanda vikalazimika kubadilika. Vingi vilihamia klorini daioksaidi, ambayo hutengeneza sumu chache zaidi, na vingine vikatumia oksijeni, ozoni na haidrojeni peroksaidi. Panpaper kilikuwa na mtambo wake wenyewe wa klorini. Sikumbuki mjadala wowote wa hadhara hapa nchini, kwa Kiswahili, uliouliza mtambo huo ubadilishwe lini.

Ni katika kutafuta njia nyingine ndipo wanasayansi walipoinama na kuitazama kuvu iotayo juu ya magogo.

Atembeaye katika Msitu wa Kakamega baada ya mvua ataona kwamba magogo hayaozi kwa namna moja. Baadhi hugeuka kahawia na kupasuka vipandevipande kama mkate mkavu. Hapo kuvu imekula fito na kuuacha udongo. Mengine hugeuka meupe, laini, yenye nyuzi unazoweza kuzivuta kwa vidole. Kuvu ya aina hii ya pili imeuvunja udongo na kuzianika fito. Imefanya kazi ya kiwanda cha karatasi bila chungu, bila salfa, bila klorini. Uyoga wa chaza, ambao wakulima wengi hapa nchini huuotesha juu ya mabua ya ngano na makapi ya miwa, ni wa ukoo huo wa kuvu zinazoozesha mbao zikawa nyeupe. Hali kadhalika, uyoga wa kichuguu ambao watu wa Magharibi huungojea kwa hamu mvua zinyeshapo ni kuvu inayofugwa na mchwa, nao huilisha mabaki ya mbao na majani ili iyalainishe na wao wapate kula. Mchwa, kwa maneno mengine, ametutangulia katika fani hii kwa mamilioni ya miaka.

Kuvu haina meno. Kinachofanya kazi ni vimeng'enya, yaani protini ambazo kuvu huzitoa nje ya mwili wake zikavunja chakula kabla hakijaingia ndani. Mwaka 1983 makundi mawili ya watafiti nchini Marekani, la Ming Tien na Kent Kirk katika maabara ya serikali ya mazao ya misitu mjini Madison, Wisconsin, na la Michael Gold katika jimbo la Oregon, yalitangaza kila moja kwa upande wake kwamba yamekipata kimeng'enya cha aina hiyo kutoka kwa kuvu iitwayo Phanerochaete chrysosporium. Kimeng'enya hicho hutumia haidrojeni peroksaidi ambayo kuvu yenyewe huitengeneza, kisha huipokonya lignini elektroni, na molekuli hiyo kubwa ikishapoteza elektroni hukosa uthabiti ikaanza kusambaratika yenyewe. Kirk na wenzake walikifananisha kitendo hicho na kuwaka moto, ila ni moto wa polepole usiounguza. Nauona mfano huo kuwa bora kuliko maelezo mengi ya vitabu vyetu vya shule.

Kuna kimeng'enya kingine kiitwacho lakesi, ambacho Mjapani Yoshida alikieleza mwaka 1883 katika utomvu wa mti unaotumiwa kutengenezea vanishi huko kwao, na ambacho baadaye kilipatikana kwa wingi katika kuvu. Lakesi huhitaji oksijeni ya hewani tu. Mtu angedhani kwamba tatizo limekwisha: mimina lakesi ndani ya rojo, ngoja, osha. Mambo hayakuwa rahisi hivyo. Kimeng'enya ni kitu kinene kikilinganishwa na vitundu vya ukuta wa unyuzi, na lignini imejificha ndani ya vitundu hivyo. Ni kama fahali aliyeambiwa atoe panya shimoni. Mwaka 1990 Robert Bourbonnais na Michael Paice huko Kanada walionyesha kwamba lakesi ikipewa mjumbe mdogo, yaani molekuli nyepesi inayoweza kwenda na kurudi kati yake na lignini, kazi hufanyika. Lakini wajumbe waliopatikana ni ghali, na baadhi yao wana madhara yao wenyewe. Kwa sababu hiyo njia hii imesifiwa sana katika majarida na kutumiwa kwa uchache sana viwandani. Msomaji na ajihadhari na mtu yeyote atakayemwambia kwamba vimeng'enya vimekwisha kuiondoa klorini duniani.

Ufanisi mkubwa ulitoka mahali ambapo watu hawakutazamia. Mwaka 1986 Liisa Viikari na wenzake nchini Finland walieleza kwamba kimeng'enya kisichoigusa lignini kabisa kinaweza kusaidia kuiondoa. Tukumbuke zile kamba za nyumba yetu. Wakati wa kupika, sehemu ya hemiselulosi iitwayo zailani huyeyuka, kisha hurudi na kujibandika juu ya nyuzi ikawa kama utando unaoifungia lignini ndani. Kimeng'enya kiitwacho zailanesi huukata utando huo, na dawa za kung'arisha zikapenya kwa urahisi. Rojo hukaa nacho saa chache kwa joto la nyuzi 50 hadi 70, bila mtambo mpya wa gharama kubwa, na klorini inayohitajika ikapungua kwa takriban asilimia 10 hadi 20. Si muujiza. Lakini ni punguzo halisi, na viwanda vya Ulaya na Amerika Kaskazini vilianza kulitumia tangu mwanzoni mwa miaka ya tisini.

Zailanesi nyingi ya viwandani hutoka kwa kuvu iitwayo Trichoderma reesei, ambayo historia yake inachekesha. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mahema na sare za jeshi la Marekani zilikuwa zikioza upesi katika visiwa vya Pasifiki. Wataalamu wa jeshi walitafuta mhalifu, wakampata katika Visiwa vya Solomon, wakampeleka maabara ili wajifunze jinsi ya kumwangamiza. Walipogundua uwezo wake wa kuvunja selulosi, wakaanza kumlisha badala ya kumwua.

Madison kulikuwa pia na jaribio ambalo linapaswa kuwavutia watu wa nchi za joto. Kuanzia mwaka 1987 watafiti walipanda kuvu hai juu ya vipande vya mbao, wakaziacha takriban wiki mbili, ndipo wakaisaga mbao. Umeme wa kusagia ulipungua kwa kiasi cha asilimia 30. Kuvu waliyoichagua hustawi katika joto la nyuzi 27 hadi 32 hivi, ambalo huko Wisconsin wakati wa baridi ni gharama, ilhali kwetu tambarare za chini hulitoa bure. Kikwazo ni kwamba kiwanda kikubwa kinahitaji malundo ya wiki mbili nzima, na lundo kubwa hujipasha joto lenyewe hadi kuvu ikafa lisipopulizwa hewa. Hilo ni suala la uhandisi na hesabu, na Kenya inao wahandisi.

Sasa nirudi katika kazi yangu. Wapo wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba maarifa haya. Neno kimeng'enya limo katika kamusi ya istilahi za sayansi ambayo Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam iliitoa mwaka 1990, nalo ni bora kuliko neno la Kiingereza ambalo asili yake ya Kigiriki inataja chachu tu. Kumeng'enya ni kuvunjavunja kitu kigumu kikawa vipande vidogo. Mtoto anayelijua tendo hilo amekwisha kuelewa nusu ya somo kabla mwalimu hajashika chaki. Kuna mahali ambapo lugha ingali inayumba, nakiri. Kuvu, ukungu, koga na fangasi hutumiwa kiholela, na watu wengi wakisikia fangasi hufikiria ugonjwa wa miguu. Rojo ya mbao ni pendekezo langu mwenyewe, na mwenye neno bora na alilete. Maneno lignini na zailani tumeyakopa, na hakuna aibu, maana hata Waingereza waliyakopa.

Ugumu uko kwingine. Mwanafunzi wetu hukariri kwamba kimeng'enya ni kichocheo cha kibiolojia, akapata alama yake, akapita kando ya gogo jeupe akienda nyumbani bila kulitambua. Amefundishwa sayansi kama msamiati wa mtihani. Mwanafunzi huyohuyo ndiye atakayekuwa diwani, mwandishi wa habari au mfanyakazi wa kiwanda. Siku wawekezaji watakapoitisha mkutano chini ya mti na kutaja ajira elfu kadhaa, atapiga makofi, kwa sababu hana maneno ya kuuliza jambo lolote zaidi ya idadi ya ajira.

Sheria, kwa upande wake, inampa nafasi ya kuuliza. Kanuni za kutathmini athari za miradi kwa mazingira zilizotolewa mwaka 2003, chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999, ziliagiza kwamba mwenye mradi aitishe mikutano isiyopungua mitatu na jamii itakayoathirika, na kwamba tangazo litolewe redioni kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji. Nayo Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini ripoti zenyewe aghalabu ni majuzuu ya Kiingereza cha kitaalamu, ambayo hata mwenye shahada huyasoma kwa jasho. Kutangaza mkutano kwa Kiswahili, kisha kuwawekea watu mezani kitabu wasichoweza kukisoma, ni kuwaalika karamuni na kuwafunga midomo. Muhtasari wa kila ripoti ya aina hiyo unapaswa kutolewa kwa Kiswahili, wenye majina ya dawa zitakazotumiwa, kiasi chake, na njia mbadala zilizofikiriwa na sababu za kuzikataa. Vyuo vikuu vina idara za Kiswahili na za kemia katika uwanja mmoja. Hazijashindwa kazi hii. Haziombwi kuifanya, na zenyewe hazijajitolea.

Mwananchi mwenye muhtasari huo angeuliza maswali manne ambayo mwenye kiwanda chochote cha kupika mbao anapaswa kuyajibu bila kutafuna maneno. Rojo itang'arishwa kwa klorini yenyewe, kwa klorini daioksaidi, au kwa oksijeni na peroksaidi? Gesi za salfa zitakusanywa na kuchomwa, au zitaachiliwa? Je, zailanesi imejaribiwa kwa rojo ya misonobari na mikaratusi yetu, na ilipunguza dawa kwa kiasi gani? Na je, daftari la mtoto lina haja gani ya weupe wa theluji, iwapo rangi ya maziwa inaandikika vilevile kwa dawa chache zaidi? Swali hilo la mwisho halihitaji shahada yoyote. Wizara inayonunua vitabu vya shule kwa mamilioni ingeweza kulijibu kwa waraka mmoja.

Walimu wa Webuye, Turbo na Kakamega hawana haja ya kuingoja wizara. Watume wanafunzi wakatafute magogo mawili yaliyooza, moja la kahawia na moja jeupe. Wayavunje kwa mikono mbele ya darasa. Waloweke nyuzi za lile jeupe, wazitwange katika kinu, wazitandaze juu ya chujio na kuzikausha juani. Kitakachopatikana kitakuwa kinene, chenye mabaka, na pengine kitachanika kikiinuliwa. Kikiweza kuandikwa juu yake, wanafunzi waandike majina ya Kiswahili ya kila kitu walichokiona, na pale jina linapokosekana waache nafasi.